Mabati Manne ya Mama Mdogo

Mwaka jana mvua kubwa ziliua makinda sita katika banda la njiwa la Mama Mdogo, na hakuna mtu aliyempa pole. Hata mimi sikumpa. Nilifika asubuhi nikamkuta akiwatoa vijumbani mmoja mmoja, akiwalaza juu ya gazeti, na nilichoweza kusema ni kwamba kutu imelila sana lile paa. Akamlaza mwingine. Baadaye nilihesabu matundu: yalikuwa kumi na moja, na moja lilikuwa juu kabisa ya kijumba cha tatu. Maji yalidondoka humo usiku kucha huku mama mtu amewatandazia wanawe mbawa.

Mama Mdogo ni mdogo wake marehemu mama yangu. Anafanya kazi katika chumba cha kufulia cha hospitali, na huu ni mwaka wake wa thelathini na moja. Hafui, mashine ndizo zinazofua. Yeye anachagua na kupiga pasi. Mashuka huja kwa matoroli, mamia kwa siku, na yote hupita mkononi mwake: hili lirudi wodini, hili likashonwe, hili limekwisha, likatwe matambara. Hatumii macho. Anashika pindo kati ya kidole gumba na cha shahada, anasugua mara moja, basi. Wenzake waliwahi kumfunga taulo usoni wamjaribu, wakachomeka kitambaa cha meza ya mganga mkuu katikati ya mashuka. Alikirusha pembeni. "Hiki kimezoea mchuzi," alisema. "Nileteeni kazi."

Zamani msimamizi mmoja alimwambia yale mashuka yaliyochakaa ayapeleke wodi ya chini, kwa sababu wagonjwa wa kule hawajui tofauti. Alirudisha matoroli mawili mazima mlangoni kwa msimamizi akaenda kunywa maji. Alipewa barua ya onyo. Barua hiyo ipo mpaka leo, ndani ya mfuko wa plastiki, pamoja na cheti chake cha kuzaliwa.

Njiwa hakuwatafuta. Jozi moja ilitua uani kwake miaka tisa iliyopita ikakataa kuondoka. Sasa wako ishirini na sita. Banda lao limesimama juu ya nguzo nne, lina mita mbili na nusu kwa mbili, vijumba kumi na viwili, na ngazi ndogo aliyoitengeneza mwenyewe kwa mbao za masanduku. Kila alfajiri kabla ya zamu anawamwagia mtama, anasimama dakika chache akiwasikiliza, ndipo anavaa viatu vya kazini. Mume hana tena, binti ameolewa, na nyumba ni vyumba viwili. Mwenye kutaka kucheka kwamba mwanamke mzima anaongea na ndege, acheke. Mimi nimeacha.

Basi mwaka huu, mwezi mmoja kabla ya mvua, alisema hatangoja tena. Akaniomba nimsindikize dukani.

Muuza vifaa vya ujenzi alitupokea vizuri mpaka aliposikia banda la nini.

"La njiwa?" aliuliza. "Mama, nilifikiri unaezeka nyumba!"

"Ni nyumba," Mama Mdogo alisema. "Nataka mabati ya migongo, futi nane, manne. Geji ishirini na nane."

Kwa asiyejua: kadiri namba ya geji inavyokuwa kubwa ndivyo bati linavyokuwa jembamba. La ishirini na nane ni bati la kukaa miaka. La thelathini na mbili mtu akiliegemea linabonyea. Muuzaji aliingia ndani, akatoka na bati linalong'aa kama sahani mpya, akaliegemeza ukutani.

"Ishirini na nane hilo, mama. Safi kabisa."

Mama Mdogo alishika ukingo wake kwa vidole viwili. Akasugua.

"Hili si lenyewe."

"Mama yangu, nauza mabati mwaka wa kumi na mbili huu."

"Na mimi ndiyo kwanza nalishika. Si lenyewe."

"Sasa njiwa watajua geji?" Muuzaji alinigeukia mimi, akitafuta mwanamume mwenzake wa kucheka naye. "Kaka, mwambie mama. Njiwa wanasoma?"

Sikucheka, nalo naliandika kwa kuwa mara nyingi huwa nacheka pasipostahili. Mama Mdogo alionyesha mizani ya kupimia misumari iliyokuwa mlangoni, akaomba bati liwekwe juu yake, na kisha liwekwe jingine analoliona kule nyuma, lile lisilong'aa sana. La kwanza lilisoma kilo nne na robo. La pili, la urefu uleule, lilikaribia kilo saba. Muuzaji aliitazama mizani kama jirani aliyemsengenya.

"Vijana wa stoo wamenichanganyia," alisema.

"Wape pole," Mama Mdogo akasema. "Nipe manne kama hili la pili, na misumari ya bati yenye kofia, na mipira yake. Mipira usisahau."

Aliyakagua yote manne, ukingo kwa ukingo, huku watu watatu wakisubiri nyuma yake wakiguna. Mmoja aliuliza kama mama anachagua bati au mchumba. "Mchumba nilichagua haraka," alijibu bila kugeuka. "Ndiyo maana sasa nina muda."

Hapo ndipo anapoingia mkwe wake. Aliyemwoa binti wa Mama Mdogo ni fundi wa paa, na mtaani wanamwita Injinia kwa sababu ya penseli isiyotoka sikioni. Ni mkwe wa pekee, na kwa Mama Mdogo alikuwa kama yai: anamwita "baba", anamwekea kiti cha mgongo, akikohoa anamuuliza kama amekula. Injinia alisema mabati yasikodiwe gari, yeye ana mkokoteni na njia yake inapita palepale dukani. Akasema pia ataezeka mwenyewe, siku ya Jumanne, Mama akiwa zamu ya mchana, ili akirudi akute kazi imekwisha. Mama Mdogo alifurahi sana. Alimwandalia karatasi ya maelekezo, nami ndiye niliyeiandika kwa mwandiko wa kusomeka: msumari upigwe juu ya mgongo wa bati, usipigwe bondeni, kwa sababu bondeni ndiko maji yanakopita. Bati lilalie jingine migongo miwili. Mwinamo uelekee upande wa ukuta. Chini ya paa iachwe nafasi ya vidole vinne, hewa ipite.

Injinia aliisoma akatabasamu. "Mama, hii kazi ndiyo inayonilisha."

Jumanne jioni Mama Mdogo alirudi akakuta paa jipya. Lilikuwa limekaa sawa, nitasema ukweli. Misumari ilikuwa juu ya migongo, mwinamo ulikuwa sahihi, nafasi ya hewa ilikuwepo. Alimpigia simu mkwe wake akamshukuru mara tatu. Hakupanda ngazi kwa sababu giza lilikuwa linaingia na njiwa walikuwa wamekwisha lala.

Alhamisi hakuwa na zamu, nami nilikuwa nimepita kumsalimia. Ilikuwa saa tisa, jua kali, hakuna upepo. Tulikuwa tumekaa kwenye kivuli cha ukuta tukimenya viazi. Ghafla banda likalia: *ta!* Baada ya kidogo: *ta-ta!* Kama mtu anayevunja kuni nyembamba. Njiwa wakaruka wote kwa pamoja, wakaenda kujipanga ukutani. Tulisubiri. Mmoja akarudi, akatia kichwa ndani, bati likalia tena, akaruka.

"Toka lini wanafanya hivi?" niliuliza.

"Jana jirani aliniambia walishinda ukutani. Nilidhani ni ugeni wa paa." Aliweka kisu chini. "Kuna jozi tatu zina mayai humo."

Alipanda ngazi. Nilimwona akitia mkono katika kijumba cha tatu, akautoa, akatia cha saba, akatia cha kumi. Alikaa na yai moja kwenye kiganja kwa muda, akaligusisha shavuni.

"Ya baridi," alisema. "Na jua lote hili, ya baridi."

Sikuelewa yai linawezaje kupoa chini ya bati lenye moto. Akanieleza, akiwa palepale ngazini: yalipoa usiku. Jua likizama bati jembamba linapoa upesi, linajikunja, linalia, na ndege anaogopa gizani kama sisi. Kisha akanyoosha mkono akashika ukingo wa bati kwa vidole viwili.

Alisugua. Akasogea bati la pili, akasugua. Akaenda hivyo mpaka la nne.

"Haya si mabati yangu," alisema.

Nilimwambia pengine jua limeyalegeza. Ni maneno ya kijinga, lakini ndiyo yaliyonitoka. Alishuka ngazi taratibu, akaosha mikono, akavaa kitenge kingine juu ya kile cha nyumbani, akafunga mlango.

"Twende kwa mwanangu," alisema.

Binti yake anakaa mitaa minne mbele, nyumba ya vyumba vitatu yenye kibaraza upande wa nyuma anakopikia. Kibaraza kile kilikuwa na turubai tangu waoane. Sasa kilikuwa na paa. Mabati manne, futi nane, yasiyong'aa sana. Binti alikuwa chini yake, anachambua mchele, akatuona akasimama na furaha yake yote.

"Mama! Shikamoo! Karibuni, umeona kibaraza changu? Kaniezekea baba watoto, Jumanne hiyohiyo aliyoezeka kwako. Hata sikutegemea!"

Mama Mdogo aliitikia marahaba. Hakukaa. Alivuta kindoo, akakigeuza, akakipanda, akainua mkono mpaka ukingo wa bati. Binti alinitazama, nami nikatazama mchele.

"Mwanangu," Mama Mdogo alisema akiwa juu ya ndoo, "mumeo yuko wapi?"

Injinia alikuwa chumbani amejilaza. Alitoka na fulana, penseli sikioni, akaona mama mkwe wake juu ya ndoo. Nadhani alijua papo hapo. Lakini aliamkia kwa adabu zote, akaagiza chai iletwe, akasema Mama ashuke asije akaanguka.

"Baba," Mama Mdogo alisema, "haya mabati umeyatoa wapi?"

"Yalibaki kazini, mama. Kuna mzee mmoja nilimwezekea, yakabaki manne."

"Yalibaki manne."

"Ndiyo."

"Futi nane."

"Mama, futi nane ni kipimo cha kawaida."

"Na yaliyoko kwangu?"

"Si yale uliyonunua?"

Mama Mdogo alishuka. Nilidhani ataishia hapo, amwachie mkwe heshima yake, kisha anung'unike njiani na mimi. Ndivyo sisi tulivyolelewa. Hakuishia hapo. Akaniambia niende dukani kwa jirani nikaazime mizani. Niende wapi, nikaanza kuuliza, na Injinia akanyanyua mikono.

"Sawa, mama. Sawa. Nilibadilisha. Lakini nisikilize. Yale ya kwangu yalikuwa hayana kazi, yako ndani tu. Ya kwako ni mazito. Nikawaza: huku kuna binti yako, kuna wajukuu zako, mvua inakuja, wanapikia chini ya turubai. Kule kuna njiwa. Mama, nakuomba uniambie, njiwa na wajukuu nani bora? Ni njiwa tu!"

Alisema kwa sauti ya mtu mwenye haki. Na hicho ndicho kinachonichoma kila nikikumbuka: aliiba, akakamatwa, akabeba wajukuu akajikinga nao.

Binti alikuwa ameacha ungo. "Yaani hili paa ni la mama?"

"Si la mama, ni la familia..."

"Umeniambia ni zawadi!"

"Nyamaza kwanza, naongea na mama."

"Asinyamaze," Mama Mdogo alisema. Hapo sauti yake ilipanda, na mimi katika miaka yangu hamsini na miwili sikuwahi kuisikia ikipanda. "Asinyamaze, yupo kwake. Wewe unaniuliza nani bora? Ungeniuliza Jumatatu! Ungekuja ukasema, mama, mwanao anapikia chini ya turubai, nipe mabati yako, njiwa wangoje. Ningekupa. Mbele ya Mungu ningekupa na misumari juu yake. Hukuniomba. Uliona huyu mama mtu mzima ni wa pasi na mashuka, atajua nini juu ya paa. Ukaniezekea makopo, ukaniachia nikushukuru kwa simu mara tatu. Mara tatu! Ulipokea shukrani zangu, ukaweka simu, ukacheka?"

"Sikucheka, mama."

"Basi uliona haya?"

Injinia alitoa penseli sikioni, akaitazama, akairudisha.

"Mayai sita yamekufa kule," Mama Mdogo alisema. "Wewe unasema ni njiwa tu. Kazini kuna mtu aliwahi kuniambia ni wodi ya chini tu. Hiyo 'tu' yenu ndiyo inayoniudhi. Kila mnapotaka kumpunja mtu mnaanza nayo."

Aliyeamua si yeye. Ni binti. Aliingia ndani akatoka na nyundo ya mumewe, ile yenye makucha, akaibwaga juu ya meza ya kibarazani mpaka vikombe vikaruka.

"Yashushe," alimwambia.

"Sasa hivi?"

"Mimi siwezi kupika chini ya kitu alichoibiwa mama yangu. Rudisha turubai langu. Nililizoea."

Mama Mdogo alimtazama binti yake, na kwa muda nilidhani atalegea, aseme basi, bakini nayo. Nadhani kama Injinia angesema neno moja la samahani pale, mabati yangebaki. Badala yake Injinia alisema, "Yatakuwa na matundu, mama. Yameshapigwa misumari. Kushusha ni hasara tu."

"Shusha," Mama Mdogo alisema.

Yalishushwa. Jumamosi asubuhi yalirudi uani kwa Mama Mdogo kwa mkokoteni uleule, na Injinia nyuma yake. Safari hii Mama Mdogo hakuwa na zamu. Alisimama chini ya ngazi tangu msumari wa kwanza mpaka wa mwisho. Mabati membamba yalitolewa yakaegemezwa ukutani. Kisha ikawa kama tulivyoogopa: mbao za kibarazani na mbao za banda hazikukaa umbali mmoja, kwa hiyo matundu ya zamani hayakuangukia penye mbao. Nilihesabu matundu ishirini na manne. Manane yaliangukia mahali bati linapolalia jingine, hayo hayakuwa na neno. Kumi na sita yalibaki wazi.

Injinia alisema ataweka lami juu, itatosha.

"Juu na chini," Mama Mdogo alisema. "Na kipande cha mpira katikati."

"Mama, hata kwenye nyumba za watu hatufanyi hivyo."

"Ndiyo maana zinavuja. Fanya."

Alifanya. Kila tundu alilokwisha ziba, Mama Mdogo alipanda ngazi akalisugua kwa kidole kwa chini, akashuka, akasema "lingine". Matatu aliyakataa, yakarudiwa. Jua lilipanda, Injinia akaloa jasho, na hakuna aliyemletea kiti cha mgongo. Aliomba maji. Alipewa maji.

Ilipofika saa tisa tulikaa kivulini wote watatu, tukimsubiri mtu ambaye hakuwepo, yaani ile sauti. Banda lilinyamaza. Njiwa walikuwa ukutani bado, wanageuza vichwa. Saa kumi kasorobo mmoja alirudi akaingia. Mwingine akafuata. Mama Mdogo alihesabu kwa kunong'ona, na alipofika ishirini na sita alikunja mikono kifuani.

"Basi, mama," Injinia alisema akikusanya vyombo vyake, "yaishe sasa. Mabati yalichanganyika, yamerudi. Yaishe."

Mama Mdogo aligeuka.

"Mabati hayana miguu," alisema. "Hayakuchanganyika. Uliyachukua. Siku utakayolisema hilo neno kwa kinywa chako, njoo, nitakupa kiti."

Mvua zilianza wiki tatu baadaye. Siku ya kwanza zilinyesha tangu asubuhi mpaka jioni bila kupumua. Mama Mdogo aliomba ruhusa kazini, akaingia bandani, akaketi amejikunja chini ya mabati yake kwa saa nzima, akapitisha kiganja katika kila kijumba. Vyote vilikuwa vikavu. Jozi mbili zilikuwa zimetaga upya. Alitoka na unyoya kichwani, akaniambia tundu la kumi na tatu linataka kuangaliwa.

Binti bado anapikia chini ya turubai. Mama Mdogo ameanza kutafuta mabati mengine manne, ya geji ileile, na ameniomba nimsindikize dukani. Yale membamba bado yameegemea ukuta wa uani. Injinia amewahi kutuma mtu ayachukue, akajibiwa aje mwenyewe. Hajaja. Kwenye shughuli za ukoo huwa anakaa upande wa mbali, anazungumza kwa sauti kubwa na watu wengine, na wiki iliyopita nilimsikia akimwambia mtu kwamba mama mkwe wake ni mkali, waligombana kidogo kwa sababu ya njiwa.

Si kwa sababu ya njiwa.